Tulifungwa mechi 3 tu. Ubingwa ulikwenda wapi?

Maneno haya niliyasema mbele ya wanachama wenzangu wa tawi la Simba hapa Morogoro, mwezi wa Julai 2024. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokuwa safarini, waliokuwa zamu kazini na waliouguliwa.

Simba! (Nguvu moja!) Simba! (Nguvu moja!)

Mwenyekiti wa tawi, shikamoo. Wazee wetu mlioanza kuipenda timu hii ikiitwa Sunderland, shikamooni. Akina mama, vijana, na wale watani wetu wawili, mashabiki wa Yanga, niliowaona wamesimama pale mlangoni: karibuni ndani, viti vipo, leo hatugombani na mtu.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja, kwa nini msimu uliopita wa ligi, 2023/24, tulifungwa. Tangu ligi iishe mwishoni mwa Mei nimelisikia swali hili kila ninapokanyaga. Nimelisikia Soko la Chifu Kingalu, nimelisikia kijiwe cha bodaboda, nimelisikia msibani, tena kaburi bado halijafukiwa vizuri. Na majibu nayajua. Mmoja anasema hujuma, wachezaji waliuza mechi. Mwingine anasema marefa. Wa tatu anasema kipa wetu, Manula. Wa nne anashusha sauti, anaangalia nyuma, anasema tumerogwa.

Ndugu zangu, kabla ya kumtafuta mchawi, tuhesabu kwanza.

Ligi ilikuwa na mechi 30. Niulize: tulifungwa mechi ngapi? Semeni kwa sauti. Nasikia 8. Nasikia 6. Mzee pale anasema 10. Hapana, mzee wangu. Tulifungwa mechi 3. Tatu tu! Watani walitufunga 5-1 tarehe 5 Novemba. Tanzania Prisons wakatufunga 2-1 hapa hapa kwetu, uwanja wa Jamhuri, tarehe 6 Machi. Watani wakarudia, 2-1, tarehe 20 Aprili. Basi. Nyingine zote 27 tulishinda au tulitoka sare.

Sasa kama ni 3 tu, mbona mioyo yetu inaona kama tulifungwa kila wiki? Na mbona tumemaliza wa tatu, na mwakani tunakwenda Kombe la Shirikisho Afrika huku wenzetu wanakwenda Ligi ya Mabingwa?

Angalieni sare. Namungo 1-1. KMC 2-2. Azam 1-1. Ihefu 1-1. Namungo tena, 2-2. Kagera Sugar 1-1. Sare 6. Kila sare inakuachia pointi 1 na kukunyang'anya 2. Mechi tulizofungwa zilitunyima pointi 9. Sare zilitunyima 12. Sare zilituumiza kuliko vipigo, na hakuna aliyelia siku ya sare. Tulitoka uwanjani tunasema, “Aa, angalau pointi moja.”

Naona kijana mmoja ameshatoa simu anapiga hesabu. Najua unachokitafuta, mwanangu. Tungewafunga watani mara zote mbili, sisi tungekuwa na 75 na wao 74, na kombe lingekuwa Msimbazi, makao makuu ya klabu yetu. Hesabu yako ni sahihi. Lakini sikiliza na ya kwangu. Waache watani na pointi zao zote 6, wape. Wamemaliza na 80, waache na 80 zao. Chukua zile sare za Namungo mbili, KMC, Ihefu na Kagera, zigeuze ushindi: pointi 10. Chukua na mechi ya Prisons: pointi 3. Ongeza kwenye 69 zetu. Inakuja ngapi? Semeni! 82!

Bila kumfunga mtani hata mara moja. Bila hata kumgusa Azam.

Ndiyo maana nasema, mechi ya watani imetupofusha. Mwaka mzima tunalia na Novemba 5, na ubingwa ulipotea katika siku ambazo wengi wetu hatukuwasha hata redio. Azam naye alimaliza na 69 kama sisi, akatupita kwa tofauti ya mabao. Sare moja tu, moja, ingegeuka ushindi, leo tungekuwa tunazungumzia Ligi ya Mabingwa.

Baada ya hapo ndipo naweza kuizungumzia Novemba 5. Nilikuwepo.

Tuliondoka hapa alfajiri kwa basi, tumejaa, nyekundu mpaka kwenye ngazi. Na tulikuwa na haki ya kujiamini, sivyo? Tulikuwa tumecheza mechi 6 za ligi na kushinda zote 6. Ngao ya Jamii tulikuwa tumeichukua Tanga, Ally Salim amedaka penalti 3 za watani. Al Ahly wa Misri alikuwa ametoka uwanja wa Mkapa na sare ya 2-2 na kule Cairo tukamlazimisha 1-1. Nani angetuambia nini?

Lakini nawaomba mrudi kwenye zile mechi 6, mziangalie kwa jicho la mwalimu. Mtibwa tuliwafunga 4-2, maana yake tuliruhusu mabao 2. Prisons tuliwafunga 3-1. Singida 2-1. Ihefu 2-1. Katika mechi 6 za ushindi, 4 tuliruhusu nyavu zetu zitikiswe. Power Dynamos wa Zambia hatukuwafunga nyumbani wala ugenini, tulipita kwa bao la ugenini. Ugonjwa ulikuwepo, ila homa ilikuwa haijapanda. Na mgonjwa anayecheka nani atampeleka hospitali? Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema, “Pointi ndiyo muhimu, mpira mzuri baadaye.” Nilikosea, na leo nasema mbele yenu.

Siku ile walitufunga mapema, dakika ya 3, Musonda. Dakika ya 9 Kibu akasawazisha, na sijawahi kukumbatiwa na watu nisiowajua wengi kiasi kile. Mapumziko 1-1. Kipindi cha pili kikaanza, na mimi nikaacha kuangalia mpira nikaanza kuangalia miguu. Nimefundisha watoto wa shule ya msingi mpira kwa miaka mingi, nimezoea. Mtoto akichoka hakwambii, ila utamwona: mpira ukitoka anashika magoti. Anarudi nyuma kwa kutembea. Anainua mkono kumwonyesha mwenzake amkabe mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyepaswa kumkaba. Ilipofika kama dakika ya 60 niliiona mikono kwenye magoti. Nikamgusa jirani yangu nikamwambia, “Pumzi imekata.” Akaniambia nyamaza, usitutie mkosi.

Dakika ya 64, Nzengeli. Dakika ya 73, Aziz Ki. Dakika ya 77, Nzengeli tena. Dakika ya 87, penalti, Pacome. Mabao 4 katika dakika zisizofika 25. Hebu niambieni, timu iliyouza mechi inasubiri mpaka dakika ya 64 ndiyo ikabidhi mzigo? Timu iliyouza mechi inasawazisha? Ile ilikuwa timu iliyochoka. Ilikuwa imecheza na Al Ahly tarehe 20 Oktoba, ikapanda ndege kwenda Cairo kucheza tarehe 24, ikarudi kucheza na Ihefu tarehe 28, halafu ikaingia kwenye mechi kubwa kuliko zote za nyumbani. Langoni alikuwa Aishi Manula, ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye majeraha ya muda mrefu, na siku ya kumrudisha ikachaguliwa siku hiyo. Huyo ndiye tuliyemwita msaliti. Kipa aliyetudakia miaka na miaka, akatubeba mpaka robo fainali za Afrika, tukamwita msaliti kwa mechi moja ambayo ukuta mzima mbele yake ulikuwa umelala. Inaniuma mpaka leo.

Kurudi Morogoro usiku ule, hakuna aliyeimba. Konda wa basi alikuwa mtani, tunamjua, kutwa nzima alikuwa akitutania. Tulipofika Chalinze, redio ikaanza kurudia mabao. Konda akasimama, akaenda mbele, akaizima, akarudi kukaa kimya. Hakusema neno mpaka Msamvu. Mama mmoja wa tawi hili, yuko hapa leo, alimpa konda yule chungwa. Nawaambia hili kwa sababu kesho yake, siku ya watani kuchekelea, sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukitukana wachezaji wetu kuliko mtani yeyote alivyotukana.

Siku 2 baadaye kocha Robertinho akaondoka, na mkufunzi wa viungo akaondoka naye. Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo penye kidonda.

Wengi mnakijua kibanda changu kule Kihonda. Mnajua kilichukua miaka mingapi. Fundi wa kwanza alisimamisha msingi na kuta mpaka usawa wa madirisha, tukakosana kwa jambo dogo la malipo. Nikaleta wa pili. Unajua fundi mpya akifika eneo la kazi neno lake la kwanza ni lipi? “Mzee, nani alikujengea hivi?” Akabomoa upande mmoja. Wa tatu akaja, “Mzee, nani alikujengea hivi?” Akang'oa linta. Kila mmoja alikuwa fundi mzuri, wana nyumba zao mjini hapa zimesimama imara mpaka leo. Yangu tu ndiyo iliyokuwa haiishi. Saruji niliyonunua ingetosha nyumba 2. Siku nilipotulia na fundi mmoja, nikamvumilia hata aliponikosea, nyumba ikaezekwa.

Sasa hesabuni mafundi wetu, yaani makocha. Sven alituacha Januari 2021. Akaja Gomes, akaondoka Oktoba mwaka huo huo. Akaja Pablo Franco, akaondoka Mei 2022. Akaja Zoran Maki, akaondoka Septemba, hata miezi 3 hakufikisha vizuri. Juma Mgunda akashika usukani. Januari 2023 akaja Robertinho, Novemba akaondoka. Akaja Benchikha, mtu aliyebeba Kombe la Shirikisho na USM Alger, tena kwa kumnyima mtani wetu. Aprili 2024 naye akaondoka, na Mgunda akaitwa tena kuzima moto. Tangu Aprili 2021 watani walikuwa na Nabi, halafu Gamondi. Wawili! Na katika muda huo huo watani wamebeba ubingwa mara 3 mfululizo. Sisi tulikuwa tumebeba mara 4 mfululizo, kuanzia 2018 mpaka 2021.

Kila kocha anakuja na neno lake, “Nani alikujengea hivi?” Dirisha dogo la usajili la Januari likafunguliwa, Jean Baleke akaondoka, Moses Phiri akaenda kwa mkopo. Washambuliaji wawili katikati ya msimu! Wakaja Freddy na Pa Omar Jobe, vijana wageni, ligi ngeni, kocha mgeni kwao na wao wageni kwake, na wakatakiwa wafunge kesho asubuhi. Siwalaumu hata kidogo. Freddy ndiye aliyetufungia bao letu siku ya Aprili 20. Lakini mfungaji wetu bora wa ligi alimaliza akiwa nani? Saido Ntibazonkiza, mabao 11, na Saido si straika. Aziz Ki alikuwa na 21. Feisal wa Azam alikuwa na 19. Mnauliza sare zilitoka wapi? Zilitoka hapo. Sare ya 1-1 ni mechi uliyokosa mtu mmoja wa kufunga la pili.

Nimesikia hoja ya viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, na ratiba, na ina ukweli wake. Tulikuwa na Ligi ya Mabingwa mpaka robo fainali, tukatolewa na Al Ahly, 1-0 nyumbani na 2-0 Cairo. “Kwa Mkapa hatoki mtu,” tuliimba, na siku ile alitoka. Siku 4 baada ya Cairo timu ilikuwa Kigoma, ikatolewa na Mashujaa kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani kwa penalti. Siku 4 nyingine, Singida, sare na Ihefu. Wiki moja tena, mtani. Hiyo ni safari ya kumchosha hata dereva wa lori. Lakini watani nao walikuwa robo fainali msimu ule ule, walicheza na Mamelodi Sundowns mpaka penalti. Kikosi chao kilikuwa kimezoeana, mtu akitoka anaingia mwingine anayejua wapi pa kusimama. Chetu kilikuwa bado kinajuana majina.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe, na nisameheni nikiligusa.

Tarehe 6 Machi tulikuwa Jamhuri. Timu yetu, uwanja wetu, mji wetu, Uluguru ile pale inatuangalia. Siku 4 nyuma tulikuwa tumemfunga Jwaneng Galaxy 6-0 na kuingia robo fainali, kwa hiyo tulikuja kusherehekea. Watu walikuja na watoto wao. Samson Mbangula wa Prisons akatufunga, akatufunga tena, na uwanja ukageuka. Mnakumbuka? Kila aliyevaa nyekundu akigusa mpira anazomewa. Kwanza waliokuwa juu, halafu waliokuwa chini, halafu na mimi.

Karibu na mimi alikuwa mtoto, umri wake kama miaka 9, amekuja na babu yake. Amevaa jezi kubwa inamfika magotini. Mchezaji wetu mmoja akapewa mpira pembeni, mbele yetu kabisa, karibu kiasi kwamba ungeweza kumwita jina akakusikia. Alikuwa na nafasi ya kugeuka. Nilimwona anaangalia juu, jukwaani, kwetu sisi, sekunde moja tu, halafu akarudisha mpira nyuma kwa beki. Salama. Mtoto yule akamuuliza babu yake, “Babu, kwa nini tunamzomea na ni wetu?” Babu hakumjibu. Na mimi nilinyamaza, mdomo wangu bado uko wazi.

Ndugu zangu, mchezaji anayeogopa mashabiki wake hapigi pasi ya mbele. Anarudisha nyuma. Anacheza asilaumiwe. Nenda kaziangalie sare zetu tena, uhesabu pasi za kurudi nyuma. Nilipokuwa nafundisha watoto, niliwahi kumtoa kipa wangu katikati ya mashindano kwa sababu wazazi walimpigia kelele. Mtoto mwenyewe hakuwa na kosa kubwa. Niliyemwingiza alifungwa 3, na yule niliyemtoa hakuja mazoezini tena. Alikuwa na miaka 12. Nilikwenda mpaka kwao kumwomba arudi, akanisalimia vizuri, akaniambia, “Mwalimu, mpira nimeacha.” Kelele zile sikuzipiga mimi, lakini nilizisikiliza.

Na viongozi wetu wanatusikiliza sisi. Nani aliimba “kocha aondoke” baada ya Novemba 5? Tuliimba sisi. Nani alitaka straika mpya Januari, leo, sasa hivi? Tulitaka sisi. Kiongozi anayeogopa jukwaa anafanya kama yule mchezaji pembeni mwa uwanja, anatafuta pasi ya salama. Na pasi ya salama kwa kiongozi ni kumfukuza kocha.

Sasa tuna msimu mpya. Bocco ameagwa, Saido ameagwa, Inonga ameondoka, na Chama, mnajua, amevuka barabara amekwenda kwa watani. Najua hilo la Chama linachoma, naona sura zenu. Amekuja kocha Fadlu Davids, raia wa Afrika Kusini, ana kikosi karibu chote kipya, vijana wengi, wako kambini Misri. Ni nyumba inayoanza msingi tena. Safari hii angalau msingi na kuta ni vya fundi mmoja.

Naomba jambo moja kwa tawi hili, na nataka lijadiliwe leo hii kabla hatujala. Kila msimu tunaandaa usafiri wa mechi ya watani, tunachanga miezi 2 kabla. Mwaka huu tuchange usafiri wa mechi moja ya Namungo. Kule Ruangwa, Lindi, mbali, barabara ndefu, mechi ambayo haitaoneshwa kwenye mabango. Tujaze basi moja. Twende tukae kule timu inapocheza bila sisi, na ikiwa 1-1 dakika ya 80, tuimbe kana kwamba ni Mkapa, pamejaa watu mpaka juu. Mchezaji akigeuka kuangalia jukwaani atukute tumesimama.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Naona mikono imeshaanza kuinuka, na wa kwanza ni yule kijana mwenye simu. Mpe nafasi, nadhani amepata hesabu nyingine.

Simba! (Nguvu moja!)